Nyumba Iliyokuwa ya Sala

Dominika ya leo twataka kuongea nanyi juu ya nyumba inayouzwa. Si jambo la kawaida katika mahubiri, lakini limetusumbua siku nyingi.

Katika kigango kimoja cha Ngara waamini wamejenga kanisa jipya la tofali za kuchoma. Lile la zamani, ambamo wengi wetu tulifundishwa katekisimu na kubatizwa, likabaki tupu. Mabati yake ni mazima bado. Wakaja wanunuzi wawili. Wa kwanza alitaka kulifanya kilabu cha pombe, na bei yake ilikuwa nzuri. Wa pili ni mama mjane mwenye watoto watano, aliyetaka kugawa vyumba ndani akae na wanawe. Fedha yake ni pungufu, tena ya kulipa kidogo kidogo. Tukiri wazi: siku ya kwanza nasi tulimwelekea yule wa kilabu, maana kanisa jipya halina milango.

Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1222, yampa Askofu uwezo wa kuruhusu kanisa lisilotumika tena kwa ibada lipewe matumizi ya kawaida, mradi yasiwe ya aibu. Hapo habari ya kilabu ikaisha. Lakini mzee mmoja akasimama, akauliza: “Basi maharage yachemshwe penye altare?”

Swali lile si la kuchekwa. Tulikaa kimya kitambo.

Tukakumbuka kwamba Mtume Paulo alisalimu kanisa lililokutanika nyumbani kwa Priska na Akila. Watu hao walikuwa mafundi wa kushona mahema. Bila shaka nyumbani mwao mlikuwa na sindano, ngozi na vyungu. Na katika mji wa kale wa Dura-Europos, nchini Siria, wachimbuzi wa karne ya 20 walifukua nyumba ya kawaida ambayo Wakristo wa karne ya 3 waliigeuza mahali pa ibada: waliondoa ukuta kati ya vyumba viwili wapate kukusanyika, na chumba kingine wakakifanya cha ubatizo. Nyumba ilitangulia, kanisa likafuata. Mama huyu anarudi kwa njia ile ile, anaurudisha ukuta.

Tena kwetu hapa tuna mfano. Mnalifahamu Boma la Wajerumani la Biharamulo. Lilijengwa mwanzoni mwa karne ya 20 ili watu watawaliwe kutoka humo. Mwaka 1916 Wabelgiji waliuteka mji ule. Baadaye wakaja Waingereza. Miaka ya karibuni wasafiri wamelala humo kwa amani, katika nyumba ambayo babu zetu waliikaribia kwa hofu. Ikiwa ngome imeweza kumpa mgeni kitanda, nyumba ya sala yashindwaje kuwalaza yatima?

Barua imekwishapelekwa kwa Askofu, twangoja jibu. Altare na msalaba vimehamishwa kwa heshima. Mzee yule ameomba jambo moja, naye mama amelikubali: jiko liwe nje, na pale palipokuwa altare pawe chumba cha watoto kulala. Nasi katika kanisa jipya tunaendelea kuziba milango kwa maturubai.