Kiraka Kilichoshonwa Kichwa Chini

Dominika ya Nane ya Mwaka B
Masomo: Hosea 2, 2 Wakorintho 3:1-6, Marko 2:18-22



Katika Injili ya leo Bwana wetu anazungumza na watu wanaojua sindano. Anawakumbusha kwamba kiraka cha kitambaa kipya hakitiwi katika vazi kuukuu, kwa maana kiraka hicho kitavuta, na tundu litakuwa kubwa kuliko lilivyokuwa. Sisi wahubiri tuna desturi ya kukipita kiraka haraka ili tufike kwenye divai na viriba, pengine kwa sababu wengi wetu hatujapata kushona hata kifungo. Leo tubaki kwenye kiraka. Tunayo sababu, nayo tuliipata kule bondeni, upande wa Mtowisa.

Wanaolijua Bonde la Ziwa Rukwa wanafahamu safari yake. Ukitoka Sumbawanga unapita Ntendo, unaiteremka Lyamba lya Mfipa mpaka Muze, na kadiri unavyoshuka ndivyo unavyovua sweta. Huko juu Ufipa baridi ya Juni na Julai humwingia mzee mpaka mifupani. Huku chini watu hulala milango wazi wakitafuta upepo. Basi akina mama wa kigango kimoja cha bonde hilo, wanachama wa WAWATA, walikata shauri kuwashonea wazee na wagonjwa wa huko juu mablanketi ya viraka. Tazameni jambo hilo: watu wasiohitaji hata shuka wakawahurumia wanaotetemeka.

Walikusanya vipande vya vitenge vilivyobaki kwa mafundi cherehani wa sokoni. Mashuka makuukuu yakawa bitana. Kwa ajili ya mapindo na vipande vya kuunganishia walichanga fedha wakanunua pamba nyekundu, mpya kabisa. Cherehani ilikuwa moja, ya miguu. Kazi nyingine yote ilikuwa ya mkono. Wala kazi ya nyuzi si ngeni katika bonde lile. Livingstone alipopita Ufipa mwaka 1872 aliikuta pamba ikilimwa na nguo zikifumwa na wenyeji. Nguo hizo za pamba ziliitwa seketa, na wafumaji walikuwa wanaume. Jambo hili tunalisema kwa ajili ya makatekista wale wanaodhani kwamba uzi ni shauri la wanawake peke yao.

Miongoni mwa akina mama wale alikuwamo mmoja aliyekuwa amerudi kanisani hivi karibuni, baada ya miaka mingi ya kukaa mbali. Sababu za kukaa kwake mbali zilijulikana na kijiji kizima, kama kawaida. Jumuiya ilimpokea, na ili kumpa heshima wakamkabidhi kiraka cha katikati cha blanketi la kwanza: kipande cha kitenge chenye picha ya Mama Bikira Maria. Akakichukua nyumbani, akapiga bandi, akashona usiku kwa mwanga wa koroboi, mishono midogo midogo iliyonyooka kama mstari wa daftari.

Siku ya kuonyesha kazi, sisi tulikuwa tumealikwa kuibariki. Blanketi likakunjuliwa mbele ya watu wote. Mama Maria alikuwa kichwa chini.

Mwenyekiti, mama hodari mwenye ulimi mwepesi, akasema kwa sauti, “Huyu ametushonea Bikira anayepiga mbizi ziwani!” Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Na hapa, wapendwa, yatupasa kuungama mbele yenu: nasi tulicheka, tena sana, tukiwa na stola shingoni. Mama yule naye alicheka. Lakini alikuwa akilikunja blanketi huku akicheka, akilikunja dogo, na dogo zaidi, mpaka picha isionekane. Dominika iliyofuata hakuja. Wala ile iliyofuata. Zikapita Dominika 6, na katika jumuiya ndogondogo nafasi yake ikabaki tupu.

Tulijiuliza ubaya ulikuwa wapi, kwa kuwa kosa lenyewe lilichekesha kweli. Maandiko Matakatifu hayamkatazi mtu kucheka. Abrahamu alianguka kifudifudi akacheka alipoahidiwa mtoto katika uzee wake. Sara naye alicheka moyoni, nyuma ya mlango wa hema. Alipoulizwa akakana, kwa maana aliogopa. Kicheko cha kwanza cha Sara kilijificha. Baadaye, mtoto alipozaliwa, aliitwa Isaka, jina lenye maana ya kucheka, na Sara akasema hadharani kwamba Mungu ndiye aliyemletea kicheko, na kila atakayesikia atacheka pamoja naye. Mwanamke ni yule yule. Tofauti ni kwamba mara ya pili hakuwa na la kuogopa. Yule mama wa bondeni tulimwachia kicheko cha nyuma ya mlango: alicheka kwa sababu aliogopa kulia.

Sasa sikilizeni yaliyofuata. Mablanketi yalipokamilika, manne kwa hesabu, yakafuliwa ili yapelekwe safi kwa wagonjwa. Yalipoanikwa na kukauka, yalikuwa yamejikunyata kama uso wa mtu aliyeuma ndimu. Ile pamba nyekundu mpya ilikuwa imerudi, yaani imepungua, ikavuta vitenge na mashuka yaliyokwisha kufuliwa mara mia. Mahali pengine mishono ilikatika, mahali pengine shuka kuukuu lilichanika. Na rangi nyekundu ilikuwa imechuja, ikaitia bitana nyeupe madoa.

Katika Marko 2:21 neno la Kigiriki linalotajwa kwa kitambaa kile lamaanisha kitambaa ambacho bado hakijapita mikononi mwa fundi wa kukifua na kukikaza. Mathayo analitumia neno hilo hilo. Luka anasimulia kwa namna nyingine: kwake kiraka kinakatwa kutoka vazi jipya, hata hasara inakuwa mara mbili. Kumbe jambo lenyewe lilikuwa limeandikwa, nasi tulikuwa tumelihubiri miaka yote, lakini hakuna aliyekumbuka kuloweka pamba! Wazee waliovaa merikani, kile kitambaa kigumu kilichopewa jina la nchi ya wafanyabiashara waliokuwa wakikileta Zanzibar tangu miaka ya 1830, wangalituambia mara moja: kitambaa kipya hulowekwa kwanza, hukaushwa, ndipo hukatwa. Twafikiri pia kwamba Bwana wetu alipata kuona nyumbani Nazareti vazi lililoharibika hivyo. Injili haisemi; ni dhana yetu tu.

Na nani aliyezuia pamba isilowekwe? Ni mwenyekiti mwenyewe. Alisema italowa na kupoteza mng’ao.

Alisimama mbele ya kamba ya nguo kwa kitambo kirefu. Wenzake walinyamaza wote, kwa maana waliujua ulimi wake. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Tulidhani analia. Alikuwa anacheka, akacheka mpaka akakaa chini kwenye majani, akajifuta macho kwa upindo wa khanga, akasema, “Mimi niliyemcheka mwenzangu kwa kiraka kimoja, nimeharibu manne mazima.” Hakuna aliyemcheka, walicheka pamoja naye. Tena akasema jambo ambalo hatukulitegemea: “Twendeni kwa yule mama.”

Katika somo la kwanza nabii Hosea anamwonyesha Mungu akimwendea yule aliyepotea, akizungumza na moyo wake. Hamngojei langoni akiwa na orodha ya makosa. Sisi makasisi na makatekista tunayo madaftari mengi, na katika madaftari hayo tunamwandika nani hajalipa zaka na nani haonekani jumuiyani. Mtume Paulo katika somo la pili anasema barua yetu ni watu wenyewe, iliyoandikwa mioyoni. Katika zile Dominika 6 sisi tuliliandika jina la mama yule katika daftari mara 6. Kwake hatukwenda hata mara moja.

Walikwenda jioni, blanketi mbovu kuliko zote ikiwa kichwani kwa mwenyekiti. Nasi tuliwafuata nyuma, pasipo stola. Wakapiga hodi. Mama alitoka, akatuona wote, akasita mlangoni.

“Dada yangu,” mwenyekiti akasema, “nimekuja unicheke.” Akalitandaza blanketi juu ya mkeka.

Mama yule hakucheka. Aliinama, akalishika pindo jekundu kati ya vidole viwili, akalivuta, akaligeuza nyuma akayaona madoa. Akauliza polepole, “Pamba hii mliiloweka?”

“Hatukuiloweka.”

“Hata siku moja?”

“Hata dakika moja.”

Ndipo alipocheka. Kilikuwa kicheko kingine kabisa, cha tumboni, na watoto wa jirani walikimbilia kuja kuona kuna nini. Sisi tulipata nafasi ya kumwomba radhi kwa kicheko chetu cha siku ile. Alitutazama, akasema, “Padre, nawe ulicheka kwa nguvu!” Akacheka tena, na tukajua kwamba tumesamehewa. Kisha akaketi mkekani, akakunja mikono ya gauni lake, akasema, “Leteni wembe.”

Wakafumua mapindo yote mekundu, mshono kwa mshono, mpaka giza likaingia. Siku zilizofuata pamba ililowekwa mara mbili na kuanikwa juani, ikakatwa upya, ikashonwa. Yale madoa hayakutoka. Wakashona viraka vingine juu yake.

Kuhusu picha ya Mama Maria, mwenyekiti alitaka igeuzwe. Mwenyewe akasema iachwe kwanza. Blanketi lile lilikwenda kwa mzee mmoja huko juu ambaye hakuwa akiinuka tena kitandani. Tulipompelekea Komunyo tuliona haya, tukaanza kumweleza habari za kiraka cha katikati. Mzee hakutuelewa. Kwake yeye, akiwa amelala chali na kutazama kuelekea miguuni, Mama Maria alikuwa amesimama wima, akimtazama.