Vidonda vya Usaha kwa Watoto

Leo tunazungumza juu ya vidonda vya usaha vinavyowapata watoto usoni, mikononi na miguuni.

Bila shaka umewahi kuviona. Huanza kama kipele kidogo chenye maji. Baada ya muda mfupi maji hugeuka usaha, kipele hupasuka, na juu yake huganda kigaga cha rangi ya asali. Mtoto hujikuna, akagusa mahali pengine, na hapo kidonda kipya huota. Siku chache baadaye nduguye anayelala naye anavyo pia. Madaktari huuita ugonjwa huu impetigo. Huletwa na bakteria. Haukuletwa na jicho la jirani, wala si aibu ya mama.

Sasa shika jambo moja. Bakteria hawa huingia pale ngozi ilipochubuka. Na mara nyingi kinachoichubua ngozi ni kujikuna kwa sababu ya upele, ule wa vidudu vidogo vinavyochimba ndani ya ngozi na kuwasha sana usiku. Ukitibu usaha na kuuacha upele, vidonda vitarudi.

Haya yalionekana wazi katika utafiti uliofanywa visiwani Fiji, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2015. Katika kundi moja, watu walipewa dawa ya upele ya kumeza, wagonjwa na wasio wagonjwa. Kabla ya dawa, watu 32 katika kila 100 walikuwa na upele, na 25 walikuwa na vidonda vya usaha. Baada ya mwaka mmoja, wenye upele walikuwa 2 tu, na wenye vidonda vya usaha 8.

Basi mtazame mtoto wako vizuri. Je, hujikuna zaidi usiku? Ana vipele katikati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono au kiunoni? Kuna mwingine nyumbani anayewashwa? Kama ndivyo, mweleze mhudumu wa afya. Dawa ya upele hutumiwa na watu wote wa nyumba siku moja, hata asiyewashwa, kwa kipimo cha mhudumu. Siku hiyo hiyo fua nguo na shuka kwa maji ya moto, uzianike juani. Kisichofulika, kiweke kando wiki nzima bila kukitumia.

Jambo la pili ni sabuni. Katika mitaa ya Karachi, nchini Pakistan, familia zilipewa sabuni na kufundishwa kunawa mikono. Matokeo yalichapishwa mwaka 2005: impetigo kwa watoto ilipungua kwa asilimia 34, na kuhara kwa asilimia 53. Tena sabuni ya kawaida ilifanya kazi sawa na ile ya bei iliyotiwa dawa ya kuua viini. Kwa hiyo sabuni yako ya kipande yatosha. Wewe wa Mbeere unayebeba maji kutoka mbali, toboa tundu dogo kwenye mtungi. Maji kidogo yatawanawisha wengi.

Nyumbani, osha kidonda taratibu kwa maji safi na sabuni mpaka kigaga kilainike, kausha, ufunike kwa kitambaa safi. Mkate mtoto kucha. Taulo yake iwe yake peke yake. Usipake mafuta taa wala dawa ya meno. Usifungue kapsuli ukanyunyiza unga wake juu ya kidonda. Epuka pia krimu za sokoni usizozijua, kwa maana nyingine zina steroidi zinazoficha ugonjwa.

Kisha mpeleke zahanati. Vidonda vichache huweza kutibiwa kwa dawa ya kupaka; vikiwa vingi, atapewa ya kumeza au sindano. Maliza dozi yote, hata ngozi ikionekana imepona.

Usingoje kesho ikiwa mtoto ana homa, hali chakula, au wekundu na uvimbe unaenea. Mtoto wa chini ya miezi miwili mwenye kipele chochote cha usaha apelekwe siku hiyo hiyo. Na hata vidonda vikishapona, kwa wiki chache zinazofuata tazama uso na mkojo wake. Uso ukivimba asubuhi, au mkojo ukiwa na rangi ya chai ya rangi, huenda figo zimedhurika. Mkimbize hospitali.

Mama, usiku wa leo kabla watoto hawajalala, washa taa uwatazame vidole. Ni kazi ya dakika tano. Mpaka tutakapokutana tena, kwaheri.