Hakimu, Tabibu na Liwali: Majina ya Vyeo na Amana Zake

  

Ndugu Waislamu mlio Moshi mjini, nanyi mlio mlimani, Machame, Kibosho, Uru na Marangu, leo twapenda kuzungumza juu ya majina ya vyeo tuliyoyarithi. Huenda mtu akasema hayo ni mambo ya kamusi, si ya mimbari. Na asubiri kidogo.

Hakimu, hukumu na hekima ni matawi ya shina moja la Kiarabu. Katika miji ya Waislamu wa kale, na hata leo huko Bara Hindi, tabibu aliyebobea huitwa hakim, yaani mwenye hekima; na neno lililo jirani yake ni jina la mtawala au mwamuzi. Sisi tulilichukua la mwamuzi likakaa mahakamani, na mwenye kutibu tukamwita tabibu, kisha daktari. Wala si ajabu majina hayo kukaribiana, kwani mgonjwa na aliyedhulumiwa wote wawili hupeleka siri zao kwa mtu wasiyekuwa na budi kumwamini. Ibn Rushd wa Andalusia alikuwa kadhi wa Sevilla mwaka 1169, kisha wa Cordoba, na baadaye akawa tabibu wa Khalifa huko Marrakesh. Lakini Imamu Abu Hanifa, aliyefariki mwaka 767, hupokewa kwamba aliukataa ukadhi alioletewa na Khalifa Al-Mansur, akatiwa gerezani. Yeye mwenye bahari ya elimu alilikimbia jina. Wangapi wenye kikombe kimoja hulikimbilia!

Liwali latokana na al-wali, msimamizi wa nchi, na shina lake ndilo lililotupa walii anayemwoza binti. Huku kwetu mlima ulikuwa na Mangi. Wajerumani walimwandika Mangi Rindi wa Moshi kuwa Sultani Mandara, ingawa nchi yake haikuwa usultani wa Kiislamu. Na mwanawe, Mangi Meli, walimnyonga mwaka 1900. Utawala wa machifu ulifutwa kwa sheria mwaka 1963, na leo mitaani Mangi ni mwenye duka apimaye sukari.

Mwaka huo huo wa 1963, Sheria ya Mahakama za Mahakimu iliondoa Tanganyika mahakama za maliwali na makadhi. Zanzibar na Kenya makadhi wangali na mahakama zao. Kwetu bara, kadhi hufundisha, hutoa fatwa na kusuluhisha, lakini karatasi yake si amri ya mahakama. Hapo ndipo nyumba nyingi zinapoumia. Baba hufariki akaacha kihamba, migomba na kahawa. Ndugu hukutana, mzee mmoja aitwaye kadhi na jirani zake huandika mgao, na mabinti hutajwa kwa dua tu. Wakiuliza, huambiwa kuwa mila ya Kichagga humpa kihamba mtoto wa kiume, hasa wa kwanza na wa mwisho. Basi katika swala sisi ni Waislamu, na katika shamba tumekuwa watu wengine? Qur'ani imemtajia binti fungu lake, nusu ya fungu la nduguye, na haikusema isipokuwa migombani.

Mahakama ya Mwanzo ina mamlaka ya kusimamia mirathi kwa sheria ya Kiislamu, kama ilivyo nayo kwa sheria ya mila. Hakimu hutazama jinsi marehemu alivyoishi, na nia aliyoidhihirisha. Kwa hiyo, enyi wazazi, idhihirisheni nia hiyo mngali hai, kwa maandishi na mbele ya mashahidi. Nanyi wanafunzi, mtakapoombwa kuandika majina ya warithi kwa kuwa mnajua kuandika vizuri, andikeni na majina ya dada zenu.

Wabillahi tawfiki.