Bwawa Letu Limezeeka: Tuangalie Nini?

(Mazungumzo na wanachama wa vikundi vya kujisaidia vinavyotumia mabwawa ya udongo)



Leo tunazungumza juu ya mabwawa ya udongo yaliyozibwa kwenye vijito vyetu. Mengi ya hapa Ukambani yalichimbwa miaka ya 1950, wakati wa mpango wa serikali ya kikoloni ulioitwa ALDEV. Mengine yalijengwa kwa harambee baada ya Uhuru. Kwa hiyo bwawa la miaka 60 au 70 si ajabu, na uzee peke yake si ugonjwa. Ukuta wa udongo ukitunzwa hudumu. Unaobomoka ni ule ambao maji yamepita mahali pasipo njia yake: juu ya ukuta, au ndani ya tumbo lake.

Tuanze na juu. Kila bwawa lina njia ya maji ya ziada, ule mfereji mpana wa pembeni. Bwawa likijaa, maji hutokea hapo. Sasa kiangazi kimekuwa kirefu, tope limejaa, bwawa halishiki maji kama zamani. Basi mtu anasimama kwenye mkutano anasema: tuzibe pale pembeni kwa magunia ya mchanga, tupate futi mbili zaidi. Tunaielewa shida hiyo. Mama aliyeamka alfajiri na mitungi hawezi kuona maji yakienda bure akanyamaza. Lakini hizo futi mbili mmezichukua kutoka kwa usalama wa watu wanaokaa chini ya bwawa. Mvua kubwa ikija usiku, maji yatapanda juu ya ukuta. Udongo hauvumilii hayo. Humegwa upande wa nyuma, shimo likapanda juu, na kwa muda mfupi ukuta wote umekwenda.

Mnakumbuka Solai, kule Nakuru. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, wakati wa mvua kubwa, bwawa la udongo lilipasuka na watu wasiopungua 47 wakafa. Mnakumbuka pia Mai Mahiu, Aprili 2024. Kwanza watu walisema ni bwawa, kumbe ni tuta la reli: njia ya maji chini yake iliziba kwa takataka, maji yakakusanyika nyuma ya tuta mpaka yakapasua. Tuta lolote lililozibwa mdomo ni bwawa, hata kama hakuna aliyelijenga liwe bwawa.

Kwa hiyo kabla ya mvua, toeni vichaka, magogo na ua za miiba kwenye njia hiyo. Halafu pimeni. Juu ya ukuta panatakiwa pawe futi tatu hivi kuliko sakafu ya njia ya maji ya ziada. Si lazima mhandisi. Fundi wa nyumba anao ule mpira mwembamba wa maji wa kupimia msingi. Tembeeni nao ukuta wote. Mara nyingi mtakuta pale ng'ombe wanapovukia pameshuka, na ndipo maji yatakapopita kwanza. Pajazeni udongo mzuri wenye unyevu kidogo, tabaka kwa tabaka, mkishindilia. Tope mlilochota bwawani mkalimwaga tu juu ya ukuta si ukuta.

Na huko kuchota tope, msikaribie mguu wa ukuta kwa ndani. Mkikata ule udongo wa mfinyanzi wa chini, mmeyafungulia maji mlango.

Sasa ndani ya tumbo. Nendeni nyuma ya ukuta, chini kabisa. Unyevu kidogo ni kawaida. Mkiona maji yanatiririka, kingeni kwenye chupa nyeupe, muiache isimame mpaka asubuhi. Yakiwa safi, andikeni tarehe kwenye daftari na mrudi wiki ijayo kuona kama yameongezeka. Udongo ukituama chini ya chupa, basi maji yanakula ukuta kutoka ndani. Hapo hakuna kungoja mkutano wa mwisho wa mwezi. Watu wahame chini ya bwawa, chifu aambiwe, mtaalamu aitwe siku hiyo hiyo. Na msizibe tundu hilo kwa nyuma na udongo. Maji yatatafuta pengine.

Miti mikubwa ukutani ni jambo la kumuuliza mtaalamu kwanza, kwa sababu mizizi ya mti uliokatwa huoza ikaacha mashimo kama mabomba. Miche midogo ing'oeni. Nyasi za kutambaa ni nzuri, kichuguu cha mchwa si kizuri, na mifugo inyweshwe kwenye birika, si juu ya ukuta.

Mtasema mtaalamu ni wa bei. Anzeni na chama cha watumiaji wa maji cha mto wenu na ofisi ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Chini ya Sheria ya Maji ya 2016, bwawa linahitaji kibali cha Mamlaka hiyo. Wako wanaoogopa kwenda kwa kuwa hawana karatasi. Sisi tunaona heri kuulizwa karatasi kuliko kuulizwa maiti.

Jambo la mwisho ndilo huleta ubishi. Watu walio hatarini zaidi mara nyingi si wanachama. Hawachoti maji hapa, hawalipi ada, na hawapati habari. Kila kikundi kichague leo watu wawili, na mmoja awe wa kule chini, wa kukagua bwawa kila asubuhi wakati wa mvua. Wawe na namba za simu za nyumba zote za kando ya kijito, na filimbi, maana usiku wa mvua mtandao hupotea. Watoto waonyeshwe njia ya kupandia kilimani.

Sasa tushuke nyuma ya ukuta. Fundi mwenye mpira atangulie, na katibu usisahau daftari.