Mtu Mweusi Katika Sinema: Kalamu Iko kwa Nani?

(Haya ni mazungumzo tuliyoyatoa mbele ya wahitimu wa kisomo. Tumeyaandika hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.)



Siku hizi sinema imefika vijijini. Mtu ana televisheni yake, anaiweka kibandani, watu wanalipa kidogo, wanakaa kwenye mabenchi na kutazama. Sinema nyingi zinazotufikia zinatoka Marekani. Leo tunataka kuzungumza juu ya watu weusi wa huko Marekani, na jinsi walivyoonyeshwa katika sinema hizo.

Kwanza tuelewane juu ya jambo moja. Marekani kuna chama cha watu wa sinema kinachoitwa Akademi. Tangu mwaka 1929 chama hicho hutoa tuzo kwa waliofanya kazi nzuri: waigizaji, waongozaji, waandishi, hata mafundi wa nguo. Tuzo hiyo ni sanamu ya mtu yenye rangi ya dhahabu. Watu huiita Oscar. Anayeamua nani apewe si mtazamaji kama wewe na mimi. Wanaopiga kura ni wanachama peke yao. Shikeni neno hilo la kura, tutalirudia.

Basi, mtu mweusi wa kwanza kupata tuzo hiyo alikuwa mwanamke, Hattie McDaniel. Wazazi wake walizaliwa utumwani. Yeye mwenyewe alikuwa mwimbaji na mchekeshaji, na kazi ya usanii ilipokosekana alikuwa akitumika majumbani mwa watu. Mwaka 1939 aliigiza katika sinema kubwa iitwayo Gone with the Wind, yaani Imekwenda na Upepo. Sinema hiyo inasimulia habari za wazungu wenye mashamba makubwa ya pamba kusini mwa Marekani, wakati wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe vya mwaka 1861 hadi 1865. Watumwa wamo, lakini wameonyeshwa kama watu walioridhika na utumwa wao. Jamani, nani aliwahi kuridhika?

Hattie aliigiza yaya wa nyumba hiyo. Anafunga mikanda ya nguo za bibi mdogo, anamkaripia, anamlilia. Aliigiza vizuri sana. Lakini angalieni: yaya huyo hana jina. Wanamwita Mammy tu, jina ambalo wazungu wa kule walimwita yaya yeyote mweusi. Hatuambiwi alizaliwa wapi, wala kama ana mtoto wake mwenyewe.

Sinema ilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Atlanta, Desemba 1939, Hattie hakuhudhuria. Sheria za ubaguzi za huko hazikuruhusu mtu mweusi kukaa pamoja na wazungu. Halafu ikaja sherehe ya tuzo, tarehe 29 Februari 1940, katika hoteli moja ya Los Angeles. Hoteli hiyo haikupokea watu weusi. Mwenye sinema, David Selznick, ilimbidi kwanza aombe ruhusa ili Hattie aingie. Akaingia. Wenzake walikaa pamoja, yeye akawekwa kwenye meza ndogo kando, karibu na ukuta. Jina lake likaitwa, akatembea kutoka ukutani mpaka mbele, akapokea tuzo, akashukuru huku machozi yakimtoka. Kisha akarudi kwenye meza yake ile ile.

Sasa hapo ndipo ulipotokea ugomvi, tena kati ya watu weusi wenyewe. Viongozi wa chama chao cha kutetea haki walilalamika kwamba waigizaji kama Hattie wanaendeleza picha mbaya, kwa sababu kila siku wanaigiza watumishi. Hattie naye alijibu kwamba afadhali aigize mtumishi kwa mshahara mkubwa kuliko kuwa mtumishi kweli kwa mshahara wa senti.

Nani alikuwa na haki? Sisi tunaona kwamba viongozi walisema kweli juu ya picha, lakini lawama waliipeleka kwa mtu asiyekuwa na uwezo. Hattie hakuandika maneno ya yule yaya. Kitabu kiliandikwa na mwanamke mzungu wa Atlanta, Margaret Mitchell. Aliyekigeuza kuwa mchezo ni mzungu, aliyeongoza ni mzungu, mwenye fedha ni mzungu. Hattie aliletewa aproni aivae au aiache. Angeiacha, angevaa mwingine.

Wala msidhani alikuwa mtu wa kunyamaza tu. Alinunua nyumba nzuri Los Angeles. Majirani wazungu wakaenda mahakamani wakitaka watu weusi wa mtaa huo wafukuzwe. Hattie na wenzake wakapigana kesi hiyo, na mwaka 1945 wakashinda. Alipofariki mwaka 1952 alikuwa ameomba azikwe katika makaburi ya Hollywood, pamoja na watu wa sinema. Wakakataa. Hata kaburini, ndugu zangu, kulikuwa na ubaguzi.

Baada yake watu walingoja sana. Mwigizaji mweusi wa pili kuipata kwa kupigiwa kura alikuwa Sidney Poitier, mwaka 1964. Mwigizaji mwanamke mweusi wa pili, Whoopi Goldberg, ni mwaka 1991. Mwaka 2012 alipata Octavia Spencer, naye kwa kuigiza mtumishi wa nyumbani! Hesabuni wenyewe tangu 1940: miaka 72, na aproni ni ile ile.

Mwaka 2014 tuzo ilimfikia binti wa jirani zetu, Lupita Nyong'o wa Kenya. Yeye aliigiza mtumwa. Mtu anaweza kusema, ah, bado tuko pale pale. Hapana. Sinema yake, 12 Years a Slave, inatokana na kitabu cha mwaka 1853 cha Solomon Northup, mtu mweusi huru aliyetekwa na kuuzwa utumwani miaka kumi na miwili. Alipookolewa alikaa, akaeleza habari yake, ikaandikwa kitabu. Aliyeandika maneno ya sinema, John Ridley, ni mweusi. Mwongozaji, Steve McQueen, ni mweusi wa Uingereza.

Tofauti inaonekana wazi. Mtumwa aliyeigizwa na Lupita ana jina, Patsey, na alikuwa mtu kweli. Northup anasema haikuwa ajabu Patsey kuchuma pamba ratili mia tano kwa siku moja, yaani zaidi ya kilo 220. Wakulima wa pamba mliopo hapa mnajua maana yake. Na kwa kazi hiyo alilipwa mijeledi. Hakuna anayetoka kwenye sinema hiyo akidhani Patsey aliridhika.

Turudi kwenye kura. Mwaka 2012 gazeti la Los Angeles Times lilichunguza wapiga kura wa Akademi, likakuta karibu 94 katika kila mia ni wazungu. Mwaka 2015, na tena 2016, katika waigizaji ishirini waliopendekezwa hakukuwa na mweusi hata mmoja. Watu wakapiga kelele, na Akademi ikaanza kuongeza wanachama weusi na wanawake. Hata hivyo, hadi sherehe ya mwaka 2025 hakuna mtu mweusi aliyepewa tuzo ya mwongozaji bora.

Sinema inapokwisha, majina hupita kwenye kioo. Wengi huinuka na kutafuta viatu. Kaeni kidogo. Someni nani ameandika, nani ameongoza, nani ameshona. Katika Black Panther, sinema ya mwaka 2018, mtasoma jina la Ruth Carter, mwanamke mweusi aliyebuni nguo zake. Shanga na rangi nyekundu za askari wanawake alizitazama kwa Wamasai. Mwaka 2019 alipata tuzo ya mavazi.

Baada ya mazungumzo mama mmoja alituuliza: ile tuzo ya Hattie iko wapi sasa? Tulimjibu hivi. Hattie hakupewa sanamu, kwa sababu miaka ile waigizaji wasaidizi walipewa kibao kidogo. Katika wosia wake alikiacha kwa Chuo Kikuu cha Howard, chuo cha watu weusi mjini Washington. Huko kikapotea. Mwaka 2023 Akademi ilitengeneza kingine, ikakikabidhi kwa chuo hicho.