Waranti ya Nyongeza: Inunuliwe au Iachwe?

Mwalimu wa Mwamapalala, wilayani Itilima, anaponunua kompyuta mpakato mpya, huenda akaulizwa dukani: aongeze fedha ili waranti ya mwaka 1 ifike miaka 3?

Asome masharti kwanza. Waranti ya kawaida hufidia kasoro za kiwandani. Maji yaliyomwagika, kioo kilichopasuka na umeme uliozidi nguvu kwa kawaida havimo, na betri mara nyingi hubaki na mwaka 1 tu.

Umbali nao ni gharama. Kituo kinachotambuliwa na kiwanda kikiwa Mwanza au Dar es Salaam, nauli na siku za kusubiri humwangukia mteja.

Mnunuzi hajaachwa bila kinga. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa humlinda anayeuziwa kitu kisichofaa kazi aliyoieleza, na Tume ya Ushindani, FCC, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, hupokea malalamiko ya walaji.

Nyongeza inaifaa ofisi ambayo fundi wa kampuni ataifuata ilipo. Wengine wanunue stabilaiza na diski ya nje ya kuhifadhia kazi, na risiti waitunze.