Mazuti au esanse? Gari ya chama ya kuvuta remorke

Maneno tuliyosema mbele ya mkutano mkuu wa wanachama

Komite ilituomba sisi wa kazi ya terrain tuseme kidogo juu ya gari, kwa sababu magari tumesafiri nayo, tumeyasukuma kwenye matope, na siku zingine tumelala ndani yake. Hatukuja kuuza kitu. Shirika letu halina gari ya kuwapa. Pesa ni yenu, na uamuzi utakuwa wenu.

Tuanze na neno moja kwanza, ili tusipotezane. Tulipokuwa Tanzania, kule Lugufu na Nyarugusu, tulizoea kusema petroli kwa mafuta ya pikipiki. Huku kwetu, ukisema petroli, muuzaji anakupimia mafuta ya taa. Kijana mmoja wetu, wiki yake ya kwanza kurudi, aliomba petroli pembeni ya barabara, akajaza kwenye pikipiki. Ikakohoa kidogo, ikazima. Sisi wote tulicheka, lakini yeye alilipa fundi. Basi leo tuelewane: esanse ni ile ya pikipiki. Mazuti ni ile tuliyoiita dizeli. Petroli ni ya taa, tuiache jikoni na kwenye kandili.

Sasa jambo lenyewe. Komite imeona gari mbili, zote pick-up kubwa, Land Cruiser za kazi, zote zina ndoano ya kuvuta remorke. Moja inakunywa esanse, bei yake iko chini, rangi bado inang'aa. Ingine inakunywa mazuti, ni ya zamani zaidi, bei iko juu, na ukiiwasha asubuhi kijiji kizima kinajua. Vijana wanataka ya kwanza. Wazee wanasema mazuti, eti kwa sababu mazuti ni mazuti. Tunaomba ruhusa tuseme kwamba pande zote mbili zina ukweli, na pande zote mbili zimesahau kitu.

Tukumbuke kwanza kwa nini tunatafuta gari. Msimu wa mvua uliopita, mihogo ya ba mama ilikaa pembeni ya barabara siku nyingi ikingojea lori la kukodi. Lori halikuja. Mihogo ikalowa, ikaota ukungu, ikatupwa. Wale ambao lori lilikuja kwao, walilipa nauli mpaka faida ikaisha. Kwa hiyo gari hii si ya kupeleka prezida kwenye sherehe. Ni ya kuvuta remorke yenye mihogo, mahindi na bidoni za mawese, na siku zingine mashini ya kusaga, kwenye barabara tunayoijua wote, wiki kwa wiki.

Tuliangalia karatasi za injini zote mbili. Ile ya mazuti ni aina ya 1HZ: silinda sita, lita 4.2, haina turbo, nguvu karibu farasi 130. Ile ya esanse ni V6 ya lita 4.0, nguvu karibu farasi 228. Vijana, hapo mna haki kabisa. Hata ile nguvu ya kuzungusha magurudumu, ambayo ndiyo inavuta mzigo, kwenye karatasi esanse iko mbele: karibu 360 kwa 285. Mtu akiwaambia kwamba mazuti siku zote ina nguvu kuliko esanse, mwambieni asome tena.

Lakini muulize pia: nguvu hiyo inapatikana lini? Injini ya mazuti inatoa nguvu yake ya kuvuta ikiwa inazunguka polepole, mara 2,200 kwa dakika. Ya esanse lazima ifike karibu mara 3,800. Ni kama watu wawili wa kubeba gunia. Mmoja ana mabavu makubwa, lakini ili ayaonyeshe ni lazima akimbie. Mwingine ana mabavu ya kiasi, lakini anatembea nayo tangu hatua ya kwanza. Kwenye tarmaki nzuri, yule wa kwanza atafika mbele. Kwenye jiwe na tope, gia ya kwanza, remorke nyuma, nani ana nafasi ya kukimbia?

Halafu kuna suala la kiu. Injini ya mazuti haina bujii. Inabana hewa mpaka hewa inakuwa moto sana, halafu mazuti inarushwa ndani na kuwaka yenyewe. Hiyo 1HZ inabana hewa mara 22. Ya esanse inabana karibu mara 10 tu. Kubana sana ndiko kunafanya kila tone litoe kazi zaidi. Tena lita moja ya mazuti yenyewe ina nguvu kupita lita moja ya esanse, zaidi ya sehemu moja ya kumi. Katika magari tuliyofanya nayo kazi, yakiwa na mzigo, pale mazuti ilipokunywa bidoni tatu, esanse ilikunywa nne, na kwenye milima ilipita hapo. Safari moja haiumizi. Safari za mwaka mzima, bei nafuu ya kununua inaanza kurudi kwa muuza mafuta, bidoni kwa bidoni.

Tuwape kosa letu wenyewe, ili msilirudie. Miaka michache iliyopita, katika mradi mmoja, tulichagua pick-up ya esanse kwa sababu bei ilikuwa nzuri na karatasi zilipendeza. Tukaifunga remorke yenye mashini ya kusaga, tukatoka Baraka kupanda Fizi-centre. Mlima, gia ya kwanza, gia ya pili, tena ya kwanza. Sindano ya joto ikapanda. Shofa akasema, tusimame ipoe. Sisi wenye diploma tukasema, tumechelewa, endelea. Jointi ya kulasi ikaungua. Ba mama waliokuwa wanatungojea na mahindi walilala siku mbili bila mashini, na mmoja akatuuliza: "Nyinyi mliosoma, hamkusikia gari inalia?" Kosa halikuwa la esanse peke yake. Lilikuwa la kupakia sana, kuharakisha, na kutomsikiliza shofa. Lakini gari ile ilifanyishwa kazi ambayo haikuwa yake, na tuliyeichagua ni sisi.

Wazee, sasa na nyinyi. Mazuti si dawa ya kila ugonjwa. Injini ya mazuti ina pompi na injekta, na hivyo viwili vinachukia uchafu na maji kuliko kitu chochote. Mnajua mafuta yetu yanavyosafiri: kwenye ngoma, kwenye boti kutoka Kigoma, kwenye bidoni zilizokuwa na mawese jana. Mtu anachanganya petroli ndani ili apate faida. Esanse chafu itakuzimishia gari, utabadilisha bujii, utasafisha, utaendelea. Mazuti chafu inaweza kula pompi, na bei ya pompi inaweza kumaliza michango ya mwaka. Zile injini mpya za mazuti zenye kompyuta ndizo zinaogopa zaidi. Kwa hiyo tukisema mazuti, tunasema ya zamani, yenye pompi ya kawaida, ambayo fundi wa Baraka au Uvira anaweza kuifungua bila kompyuta.

Na ulinzi wake si mgumu. Ngoma ya mazuti isimame usiku mzima bila kutikiswa. Maji ni mazito kuliko mazuti, yatashuka chini. Asubuhi mvute kutoka juu, ya chini kabisa msiiguse. Mchuje kwa kitambaa safi. Filta ifunguliwe chini kutoa maji, na ibadilishwe kwa wakati wake, hata kama gari "bado inaenda." Gari ya chama inakufa kwa sababu ya hilo neno: bado inaenda.

Kuna jambo la moto pia. Gari hii itabeba bidoni za akiba, na watu watakaa karibu nazo. Esanse inatoa mvuke unaoshika moto hata kwenye baridi. Mazuti inaungua pia, lakini kwenye joto la kawaida haitoi mvuke wa kuwaka upesi namna ile. Wote tunakumbuka Sange, tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lilipoanguka kwenye barabara ya Uvira kwenda Bukavu, na watu zaidi ya 200 wakafa kwa moto. Hatulitaji ili kuwatisha. Tunalitaja kwa sababu kila bidoni ya esanse tunayoipunguza katikati ya watu ni jambo jema. Na iwe mazuti au esanse, hakuna sigara, hakuna mshumaa, hakuna kujaza injini ikiwa inawaka.

Neno juu ya remorke yenyewe, maana tunabishana juu ya injini na kusahau kitu kinachoua. Kuvuta si kazi ngumu kama kusimama. Magari ya namna hii, katika nchi nyingi, yanaruhusiwa kuvuta mpaka kilo 3,500 kama remorke ina freni zake. Kama haina freni, ni kilo 750 tu. Mnaona tofauti? Remorke nyingi za kutengenezwa hapa hazina freni kabisa, na watu wanazipakia tani mbili. Mkishuka mlima, mzigo ule unasukuma gari kutoka nyuma. Na msidanganyike kwamba injini ya mazuti itaushikilia peke yake. Shofa aingize gia ya chini kabla ya kuanza kushuka, si katikati. Kwenye kupakia, sehemu kubwa ya uzito ikae mbele kidogo ya magurudumu ya remorke, karibu sehemu moja ya kumi ya uzito ikiegemea ndoano. Mkirundika nyuma, remorke itaanza kucheza kama mkia wa mbwa, na itaichukua gari pamoja nayo.

Basi, mtachaguaje? Tunawaomba mjibu maswali matatu kabla ya kupiga kura. La kwanza: kwa mwezi, gari itavuta remorke siku ngapi? Kama ni siku moja au mbili, na siku zingine inabeba watu tu, chukueni ya esanse, hamtajuta. Kama ni kila wiki yenye mzigo, ni mazuti. La pili: mafuta safi mtayapata wapi, na nani atakuwa na ufunguo wa ngoma? La tatu: fundi gani ataifungua kabla hamjalipa, aangalie moshi, maji ya radiata, na sauti ya injini ikiwa baridi? Msikubali gari iliyowashwa kabla hamjafika.

Sisi, kwa hesabu ya safari mlizotupa, tunasema mazuti. Lakini tunaweka sharti. Msimalize pesa yote kwa kununua. Mbakize za freni za remorke, za filta, za matairi, na za siku ile ambayo hamjui. Kama mkihesabu mkaona pesa inatosha gari ya mazuti bila akiba, au gari ya esanse yenye akiba, jibu letu mtalichukia: ngojeni. Kodini lori msimu mmoja zaidi, mkusanye. Tunajua maana ya kungoja. Kuna watu hapa walingoja miaka kumi kambini kabla boti kuwaleta Baraka. Lakini gari ya bei rahisi inayosimama njiani haitawaumiza sisi wa shirika. Itamuumiza mjane aliyetoa mchango wake kila mwezi, akiuza sabuni, akiamini kwamba mihogo yake haitaoza tena.

Mama mmoja alituuliza juzi: "Ikiharibika, nani atalipa?" Tunaomba komite iandike jibu la swali hilo kwenye kitabu cha chama kabla ya kuandika bei ya gari. Mkiweza kulijibu, nunueni. Na shofa akiwaambia tusimame ipoe, simameni.

Maswali tuko tayari, hata yale makali.